Swali la Baiskeli

Mwaka 2015, kabla hatujampeleka baba kwa daktari, mtaa wetu wa Ng'ambo, Tabora, ulikuwa umeshahukumu: mzee anajifanya. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa mtaa.

Mlangoni ungemwonea huruma. Mkono wa kulia unatetemeka, miguu imeganda sakafuni, hatua haitoki. Halafu mjukuu anamshikia baiskeli yake nyeusi ya Phoenix chini ya mwembe, anapanda, huyoo! Isevya na kurudi, debe la mahindi kwenye keria. Mama mdogo alikuwa akisema, "Ugonjwa gani huu, unaikamata miguu kwenye kutembea, kwenye pedeli unaiachia?"

Zahanati moja walimpa vidonge vya neva. Kwa mganga pia tulifika. Hiyo ni habari ndefu.

Hospitalini tulimkuta daktari binti, mdogo kuliko mimi. Alimwambia baba agonganishe vidole, akamkunja na kumkunjua kiwiko, akamtazama akitembea mpaka akaganda katikati ya chumba. Kisha akauliza, "Mzee, baiskeli bado unaendesha?"

Baba akanitazama kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nikadakia, "Hapo ndipo tunaposhangaa, daktari. Kutembea hawezi, baiskeli anaweza!"

Nilidhani nimemshitaki. Yeye akatabasamu, akaandika. Parkinson, alisema, inaua taratibu chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili, ndiyo maana kuanza hatua ni kazi. Ila uwezo wa kutoyumba kushoto na kulia mara nyingi hubaki muda mrefu. Yapo magonjwa yanayofanana nayo, yanayouharibu uwezo huo mapema, na dawa hayaisikii vizuri. Uholanzi, ambako baiskeli ni kama viatu, madaktari waliwauliza wagonjwa wao swali hilohilo, wakachapisha majibu mwaka 2011: kati ya 45 wenye Parkinson, walioacha baiskeli ni 2 tu, wenye magonjwa yale mengine, zaidi ya nusu.

"Peke yake haitoshi," akaongeza, "lakini inanielekeza." Akamwandikia levodopa, dawa ya Parkinson.

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Kwa hiyo nisiiuze?"

"Usiiuze. Barabara kuu tu uiache, na wakati wa kushuka awepo mtu."

Jioni alitaka kwenda Isevya. Baiskeli nilimshikia mimi. Mama mdogo alikuwa barazani anachambua mchicha, hakusema kitu.