Benchi la wazazi

Steshenari ilikuwa imejaa vijana wenye bahasha za vyeti, wanasubiri kujaziwa maombi ya chuo. Nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuwa ametoka kupata wani ya 5, yaani divisheni wani ya pointi 5, kidato cha sita kwa masomo ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Dada wa kwenye kompyuta akaniangalia, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo. Mzazi kaa pale kwenye benchi, tukimaliza na mwanafunzi tutakuita."

Nikaitikia, nikakaa. Bahasha yangu nikaikalia. Sikupata ujasiri wa kusema kwamba na mimi ni mwombaji, tena wa kozi ileile anayoomba mtoto: Udaktari wa Binadamu, yaani MD. Siku hiyo nililipia maombi ya mpwa wangu, tukarudi nyumbani, yangu sikuyagusa.

Nilikuwa na miaka 34. Ni afisa tabibu, CO kama tunavyojiita, na nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, mingi kwenye kituo kimoja cha afya mkoani Singida. Wagonjwa wananiita daktari na nimezoea kuitika. Stashahada nilimaliza 2013 na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.6. Kwa sisi wa stashahada, kuomba MD kunataka angalau 3.0, pamoja na ufaulu wa kuanzia D kidato cha nne kwenye Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Hisabati nina D. D ya 2008, inanifuata mpaka leo kama deni la dukani.

Kwa hiyo vigezo nilikuwa navyo. Kilichonimaliza ni kundi la WhatsApp la ma-CO wanaoomba MD. Kila jioni lazima mtu aandike, "Wakuu, 4.6 hapa, nina nafasi kweli?" Mwenye 4.6 anauliza kama ana nafasi! Mwingine 4.4, amemaliza mwaka jana, ana miaka 23. Nikachukua kaunta buku nikaanza kuwaandika: GPA, mwaka wa kumaliza, umri wakiutaja. Zamu za usiku, wodi ikitulia, nilikuwa nafungua lile daftari na kujipanga mwenyewe kwenye ule mstari. Nilikuwa wa mwisho kila mara. Mke wangu aliliona siku moja, akauliza ni daftari la vikoba au ni nini. Nilimjibu ni mambo ya kazini.

Aliyenitoa hapo hakujua kwamba amenitoa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, tunafunga ripoti za MTUHA, zile takwimu za wagonjwa wa kituo, sista mkuu akanirudishia karatasi. "Dokta, hapa umeniandikia wenye malaria 41. Waliopimwa wangapi?"

Nilikuwa nimesahau kujaza. Na yeye ni mtu wa kurudia jambo hata kama umeshalielewa: "Arobaini na moja peke yake hainiambii kitu. Arobaini na moja kati ya hamsini, au kati ya mia nne?"

Usiku ule nikafungua kaunta buku. Nilikuwa nimeorodhesha watu 19. Kundi lilikuwa na watu 380 na zaidi. Hao wengine walikuwa wapi? Walikuwa wamenyamaza, kama mimi nilivyonyamaza na 3.6 yangu. Anayetangaza GPA ni yule ambaye GPA yake inatangazika. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wa mazoezi kwamba wanaofika kituoni siyo kijiji kizima, halafu mimi mwenyewe nimekaa najipima kwa wagonjwa wa foleni ya mbele.

Nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya tangu mwanzo, nikasoma mwongozo wa udahili. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanatoa miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Wani ya 5 ya mpwa wangu haimo hata kwenye kitabu kinachonihusu. Nilikuwa nimemwonea wivu mtoto ambaye vigezo vyake vimeandikwa kwenye kitabu kingine. Na ulikuwa wivu kweli, nisijitakase. Matokeo yalipotoka nilimtumia elfu ishirini ya soda na kumpongeza kwa herufi kubwa, kisha nikazima simu mpaka asubuhi.

Kundi nililiacha. Nilibaki na mtu mmoja tu wa kuongea naye, CO mwenzangu wa wilaya jirani mwenye 3.4, na tulikubaliana tuulizane mambo mawili basi: AVN, ile namba ya uhakiki wa stashahada inayotolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, imetoka? Mwajiri amekuingiza kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri? Hayo ndiyo yaliyokuwa na kazi ndani yake. GPA ya 2013 hakuna mtu wa kuibadilisha.

Wiki iliyofuata nikarudi steshenari peke yangu. Yule dada akanikumbuka. "Mzazi, kijana ana tatizo?" Nikamwambia hapana, leo nimejileta mwenyewe. Hakucheka. Aliuliza tu kama AVN ninayo, akaanza kuchapa.

Awamu ya kwanza mpwa wangu alichaguliwa vyuo viwili, akanipigia nimshauri athibitishe kipi. Mimi sikupata hata kimoja. Nilimshauri vizuri, ila nilimshauri nikiwa nimesimama nyuma ya maabara, ambako hakuna mtu anapita. Awamu ya pili nikapata nafasi moja, chuo binafsi, na tangu hapo hesabu zangu zikawa za ada na ruhusa ya mkurugenzi.

Sasa tuko mwaka wa kwanza wote wawili, vyuo tofauti. Ananitumia michoro ya mishipa ya mkono, mimi namweleza mgonjwa aliyekatika mishipa hiyo anaonekanaje anapofika mapokezi. Juzi wametoa matokeo ya jaribio la Anatomia kwao, na kwetu pia. Ujumbe wake ulikuja saa tatu usiku: "Shikamoo mjomba. Umepata ngapi?"

Sijamjibu bado.