Wazo la mtu wa zamu ya usiku hufia wapi

Ukiingia kiwanda chochote cha Kampala, iwe Nakawa au kule Namanve, huna haja ya kuhubiri mchanganyiko wa watu. Upo tayari. Kwenye kiwanda kidogo cha mikate chenye watu thelathini utamkuta Muganda stoo, Mteso kwenye mashine ya kukandia, Mlugbara wa Arua kwenye tanuri, dereva aliyekulia Busia, na mama wa Kikongomani kutoka Bukavu anayepanga madonge kwenye vikopo vya kuokea. Katiba inaorodhesha jamii 65 za wenyeji, na hapo wageni hawajaguswa. Kazi ngumu inaanzia pengine: mama yule wa Bukavu akiona kasoro saa nane usiku, maneno yake yanapita wapi mpaka yamfikie mwenye uwezo wa kubadilisha kitu?

Tuseme kasoro yenyewe ni hii. Mikate ya mwisho ya kila mkupuo wa unga uliokandwa inatoka na mashimo makubwa na mgongo ulioporomoka. Msimamizi analaumu hamira. Mama ameona sababu: mizani iko mbali na meza ya vikopo, madonge yanakaa mezani yakisubiri kubebwa, na kwenye joto la chumba cha tanuri unga unaendelea kuumuka. Donge la mwisho linaingia kikopo likiwa limeshapitiliza. Dawa ni kusogeza mizani. Haigharimu hata shilingi, lakini inaweza kukaa kichwani mwake miaka miwili.

Kizuizi cha kwanza ni lugha ya kikao cha asubuhi. Kwa kawaida hakuna aliyeichagua. Msimamizi anasalimia kwa Kiluganda, wawili watatu wanaitikia, kikao kinakwenda hivyo hivyo. Mtu wa ofisini akiingia, kinahamia Kiingereza. Wa Arua na wa Bukavu wako nyuma wanatikisa kichwa.

Kiswahili kingewafaa wengi wao, ila usikilete kwa amri. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na mpaka leo wako wazee wa Kampala ambao wakisikia Kiswahili wanamwona askari kwenye kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini masikio ya mtu hayarekebishwi bungeni. Utaratibu unaofaa zaidi ni huu: kila mtu aseme kwa lugha anayoimudu, na mtu mmoja aliyepangiwa wiki hiyo airudie hoja kwa lugha ya pili. Anayerudia asiwe msimamizi, maana msimamizi atatafsiri anachotaka kusikia. Kikao cha dakika kumi na tano kitakuwa cha ishirini, basi.

Hesabu zote ziende ubaoni kwa tarakimu: mifuko ya unga, mikate iliyokataliwa, saa ya gari kuondoka. Hasa saa. Waganda na Waswahili tunahesabu kuanzia alfajiri, lakini Wakongomani wengi huhesabu saa kama Wafaransa, kuanzia saa sita usiku. "Saa nane" yako ya mchana kwake inaweza kuwa asubuhi ya saa mbili. Andika 14:00, ugomvi umekwisha. Na usiulize "umeelewa?" kwa sababu jibu lake ni "sawa" siku zote, awe ameelewa au hajaelewa. Uliza "utaanzaje?" kisha unyamaze.

Kizuizi cha pili ni heshima, na hiki ndicho kigumu kuliko vyote. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kupiga magoti akimsalimia mkubwa hatasimama mbele ya watu thelathini aseme mzee amekosea mahali pa kuweka mizani. Kumwambia "jisikie huru" ni kumtwisha mzigo wa pili. Badilisha mpangilio wa kusema. Mkubwa azungumze mwisho, na asionyeshe usoni anachopendelea. Hili la uso linawashinda wengi. Anayeanza awe aliyeajiriwa karibuni. Kabla ya yeyote kufungua mdomo, gawa vipande vya karatasi, robo ya A4 inatosha, na toa dakika tatu: kila mtu aandike au achore jambo moja linalomchelewesha. Kuchora kunafaa kuliko watu wanavyodhani. Mishale miwili na mraba mmoja vinaeleza habari ya mizani bila Kiingereza chochote. Asiyejua kuandika amtafute karani amwandikie dakika tano kabla ya kikao. Karatasi zichanganywe, zisomwe na mtu mmoja, bila majina.

Kundi la WhatsApp si badala ya hili. Wa zamu ya usiku wamelala ujumbe unapopita, bando limekwisha, na sauti ya mtu inajulikana.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kazini mgeni huambiwa anyamaze kwanza ajifunze. Ni hasara. Mtu mpya anaona mambo ambayo wenyeji wameacha kuyaona. Siku yake ya 30 kazini mkalishe kwa robo saa umuulize maswali mawili tu: ni kitu gani hapa kilikushangaza, na kule ulikotoka mlikifanyaje? Ukingoja mpaka mwezi wake wa nne kazini atakuwa ameshazoea, atakwambia kila kitu ni kizuri.

Sanduku la maoni? Nina mashaka nalo. Limetundikwa mlangoni kwa meneja, mahali ambapo kila mtu anaona nani kasimama; kufuli lina ufunguo mmoja, na fomu yake ni ya Kiingereza. Toyota walianzisha mpango wa mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951 na haukufa, na somo la kuchukua pale si sanduku, ni kasi ya kujibu. Tumia ubao wenye safu nne: limepokelewa, linajaribiwa, limekubaliwa, limekataliwa. Kila karatasi ipate jibu ndani ya siku saba, hata kama ni hapana, na hapana iandikwe sababu yake. "Haiwezekani" si sababu. "Waya wa umeme haufiki upande ule" ni sababu, na mtu wa umeme akiisoma anaweza kusema unafika.

Msimamizi wa zamu apewe kiwango anachoweza kuidhinisha mwenyewe bila kupanda ofisini, tuseme shilingi 50,000. Mawazo mengi ya sakafuni yako chini ya hapo: ndoana, taa, kipande cha mbao, meza kusogezwa.

Jaribio lenyewe lina masharti. Turudi kwenye mizani. Kwanza pima hali ya sasa kwa siku tano: hatua ngapi, na mikate mingapi imekataliwa katika kila mia. Mpangaji anayebeba madonge manne kwa safari, hatua sita kwenda na sita kurudi, akipanga 1,600 kwa zamu amekwenda safari 400. Ni hatua 4,800, zaidi ya kilomita tatu kila usiku, ndani ya chumba kimoja. Namba hiyo ikisimama ubaoni, mjadala wa hamira unapoa wenyewe. Kisha sogeza mizani, usiguse kingine chochote, pima siku kumi.

Hapa ndipo watu huharibu. Wanabadilisha mizani na aina ya unga wiki moja, halafu hawajui kipi kimesaidia. Au wanapima kabla shule hazijafungwa na kupima tena zikiwa zimefungwa, wakati oda zimeshuka na hakuna anayekimbizana na muda. Au mwenye wazo anahamishiwa zamu nyingine katikati ya jaribio. Baya kuliko yote ni msimamizi kuona aibu kwamba kasoro ilikuwa chini ya pua yake, akaliacha jaribio life kimyakimya: mizani inarudi ilipokuwa "kwa ajili ya usafi". Kinga yake ni rahisi, ingawa ofisi nyingi haziipendi: mpe msimamizi sifa kwa idadi ya majaribio aliyoyaendesha, yaliyofaulu na yaliyoshindwa pia.

Kalenda nayo inaua mawazo. Kikao cha Ijumaa saa saba mchana kinawatoa Waislamu, cha Jumamosi kinawatoa Waadventista, na kinachoisha saa mbili usiku kinawatoa wanawake wanaotegemea boda kurudi nyumbani. Jumatano asubuhi, zamu zinapokabidhiana, haimuumizi mtu. Chakula cha pamoja kina mitego yake: sufuria ya nguruwe iwe na mwiko wake wa kupakulia, na kumbuka kwamba Muganda wa ukoo wa Nsenene hali nsenene, wale panzi wa kuliwa, hata zikiwa msimu na zimekaangwa vizuri namna gani. Usimwite mgumu.

La kisheria nitaligusa tu. Kanuni za 2012 kuhusu unyanyasaji wa kijinsia kazini zinamtaka mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 awe na sera iliyoandikwa. Iandikwe kwa lugha wanazosoma watu wako, itundikwe karibu na choo na si ndani ya faili. Mwanamke anayekwepa mkono wa msimamizi hatampelekea wazo huyo huyo msimamizi.

Kuajiri kunadai neno moja. Nchini kwetu jina peke yake linasema kabila, na mara nyingi dini. Fomu za maombi zipewe namba, majina yafunikwe mpaka orodha fupi ikamilike, na kila mmoja afanyiwe jaribio lile lile la kazi, dakika arobaini, mikono ikiwa ndani ya unga. Mtoto wa dada yake meneja kama anajua kazi, namba yake itaonyesha.

Malipo ya wazo yawe madogo, ya papo hapo, na ya fedha taslimu wiki ile ile. Ukiahidi asilimia kumi ya kilichookolewa, mtatumia mwaka mzima kubishana kilichookolewa ni kiasi gani. Shilingi 20,000 kwa mwenye wazo na soda kwa zamu nzima iliyolijaribu zinatosha, zikatolewe pale pale kwenye meza ya vikopo, saa ambayo zamu ya usiku bado haijaondoka.