Gari Zito Baada ya Matengenezo: Giaboksi au Breki?

Mwisho wa juma mmoja nilifanya kazi mbili kwenye gari langu la otomatiki, kazi ambazo leo nisingezifanya kwa pamoja. Jumamosi nilibadilisha kaliperi (kibanio kinachosukuma pedi zibane diski) na pedi za breki za mbele. Jumapili nikamwaga oili ya giaboksi na kutia mpya. Jumatatu, nilipoweka mkono wa gia kwenye D, yaani nafasi ya kwenda mbele, gari lilitulia kwa sekunde mbili hivi, kisha likashika kwa mshtuko. Pedeli ya breki ilikuwa laini, na kadiri nilivyokwenda ndivyo gari lilivyozidi kuwa zito, injini ikinguruma ilhali mwendo hauongezeki. Wengi wangesema giaboksi imekwisha, na mimi mwenyewe nilianza kuamini hivyo.

Lakini Ijumaa giaboksi ile ilikuwa nzima. Gari lililokuwa zima kabla ya kufunguliwa halina budi kutafutiwa kosa kwanza pale lilipofunguliwa. Kwa hiyo nilichukua karatasi nikaandika kila nilichokigusa, kwa mpangilio nilioufuata, hata nyaya nilizozisogeza tu ili kupata nafasi ya kupitisha spana. Karatasi hiyo ilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho, kwa sababu ilinilazimisha kuzitenganisha dalili tatu ambazo kichwani mwangu zilikuwa zimekwisha kuwa ugonjwa mmoja.

Nilianza na pedeli. Mafuta ya breki hayashindiliki, bali hewa hushindilika, na ndiyo maana pedeli laini huashiria kwamba nguvu ya mguu inaishia kuminya mapovu badala ya kusukuma pistoni. Nilikuwa nimetoa hewa kwenye breki mara tatu bila mafanikio. Nilipochutama mbele ya tairi na tochi ndipo nilipoona kwamba bolti ndogo ya kutolea hewa ilikuwa sehemu ya chini ya kaliperi, ikielekea ardhini. Kaliperi ya kushoto na ya kulia hufanana sana, na katika magari mengi zikipishana bado hufungika vizuri. Ila hewa hukaa juu, na tundu likiwa chini yatatoka mafuta tu, hata ukanyage mchana kutwa. Nilizibadilisha pande, nikaanza upya huku ncha ya mpira mwembamba ikiwa imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Yalitoka mapovu makubwa, yakafuata madogo kama vichwa vya pini, kisha mafuta matupu, na pedeli ikawa ngumu juu kabisa.

Hapa nisisitize jambo la mafuta yenyewe. DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja ya mafuta ya breki, hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kopo lililokaa wazi halifai. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Ukitia oili ya injini au ya giaboksi kimakosa, mipira ya ndani huvimba, na hapo kumwaga na kutia upya hakutoshi. Mipira yote iliyoguswa na oili hiyo hubadilishwa.

Uzito wa gari ulibaki, na hili ndilo lililotaka subira. Niliendesha taratibu mahali patupu, nikaliacha gari lisimame lenyewe karibu bila kukanyaga breki, kisha nikasogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya mbele kulia ilikuwa na joto kali kuliko nyingine zote. Niliinua gari kwa jeki, nikalikalisha kwenye stendi, nikajaribu kuzungusha tairi hilo kwa mikono miwili, halikwenda. Nilipolegeza bolti ya kutolea hewa, mafuta yaliruka na tairi likazunguka, maana yake pistoni haikuwa imekwama, bali mgandamizo ulikuwa umefungiwa. Nilikaza tena, nikakanyaga, tairi likashikwa. Mara hii nikalegeza nati ya bomba la chuma pale linapoungana na mpira wa breki, yaani bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kaliperi. Tairi lilibaki limeshikwa. Basi kizuizi kilikuwa ndani ya mpira ule.

Nilirudi kwenye karatasi na kuona nilichokuwa nimekiandika: nilipofungua kaliperi ya zamani ya kulia, niliiacha ining'inie kwenye mpira wake badala ya kuifunga kwa waya. Mpira wa siku nyingi ukibebeshwa uzito huo unaweza kuchanika ndani, na kipande kilicholegea hupitisha mafuta yakienda na kuyazuia yakirudi. Nje ulionekana mzima kabisa. Niliubadilisha pamoja na wa kushoto, nikatoa hewa tena, na uzito wote niliokuwa nikiulaumu kwa giaboksi ukaondoka.

Iliyobaki ni ile sekunde mbili ya D, na hiyo kweli ilikuwa ya giaboksi. Nilikuwa nimepima oili injini ikiwa imezimwa, ilhali kitabu cha gari hili kinataka ipimwe ikiwa na joto, injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia kila nafasi huku mguu ukiwa kwenye breki. Injini ikizimwa, sehemu ya oili hurudi chini na kijiti cha kupimia huonyesha nyingi kuliko iliyopo kazini. Niliongeza kidogo kidogo hadi alama, wala si zaidi, kwa kuwa oili iliyozidi huchapwa na vyuma vinavyozunguka ikawa povu, na povu nalo huleta dalili zilezile za upungufu. Siku hizi oili ninayoimwaga huipima kwanza kwenye chombo chenye alama kabla sijafungua kopo jipya.

Kosa jingine la aina hii nililiona kwenye gari la jirani: mkono wa gia uligoma kutoka P, nafasi ya kuegesha, baada ya yeye kufanya kazi chini ya dashibodi. Plagi ya swichi ya taa za breki ilikuwa imechomoka, na bila ishara yake gari halikujua kwamba breki imekanyagwa. Taa za breki zilizokufa nyuma ya gari zilitosha kuonyesha hivyo kabla ya kugusa giaboksi.

Jioni ile niliendesha tena na kupima joto la rimu. Mbili za mbele zilikuwa sawa, na D ilishika mara moja.