Wapo wachache, ni wachache

Niliwahi kupoteza wageni wawili kwa sababu ya herufi moja. Tulikuwa ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, nikiwashawishi wapande boti kwenda Gombe, nao wakauliza kama wangeona sokwe. Nikajibu kwa kujiamini: "There are few chimpanzees near the beach." Wakatazamana, wakanishukuru kwa adabu, wakaondoka zao.

Nilikusudia kusema kwamba sokwe wapo wachache. Wao walisikia kwamba sokwe ni wachache, kiasi kwamba safari haina maana. Kiswahili huibeba tofauti hiyo kwenye "wapo" na "ni", ilhali Kiingereza huibeba kwenye "a" ndogo: "a few" hukiri kwamba kitu kipo, na "few" tupu hulalamikia uhaba wake. Vivyo hivyo kwa "a little" na "little", ila hizi ni za vitu visivyohesabika.

Hapo kwenye kuhesabika ndipo ngeli zetu zinapotuponza. Sisi husema maembe mengi na mawese mengi kwa kiambishi kilekile, kwa hiyo sikio halishtuki mtu anapoandika "many palm oil". Dada yangu, ambaye huuza mawese katika soko la Mwanga, alinisaidia bila kujua, kwani niliona kuwa hakuna mteja anayemwuliza ana mawese mangapi. Wanauliza madumu mangapi, au mawese kiasi gani. Tangu hapo, penye "-ngapi" ninaweka "many", na penye "kiasi gani" ninaweka "much": "many jerrycans", lakini "how much palm oil".

Kipimo hicho hugoma kwenye pesa. Tunauliza "pesa ngapi?" na tunazihesabu noti moja moja, lakini kwa Kiingereza kinachohesabika ni shilingi, si pesa, hivyo ni "how much money". Neno "information" nalo halikubali wingi, hata habari ziwe nyingi namna gani. Tena "much" hukaa vizuri zaidi katika swali na kanushi. Katika sentensi yakinishi ya kawaida, "a lot of" ndiyo husikika vyema.

Bado nina kesi na "quite a few", ambayo kwa sura ni uchache uliotiwa mkazo, kumbe maana yake ni wengi tu.