Haki ya mke anayeumwa viungo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu wiki hii ni 1 Wakorintho 7:3-5.

Mistari hii tumeisikia mno kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, na mara nyingi msomaji anarukia katikati: "Msinyimane." Mama anainamisha kichwa. Hakuna anayemwuliza kama usiku alilala, au kama vidole vyake vinakunjika.

Kwa mwenye baridi yabisi hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo, hasa vidole na viganja. Wanawake wanaupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Si maji ya ziwa yaliyomletea, wala si mkono wa mtu. Asubuhi viungo hukakamaa, pengine saa nzima au zaidi. Mama anayewahi dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, inabidi aamke mapema kuliko wenzake ili mikono ilegee, na bado ni mumewe anayemfunga vifungo vya gauni. Jioni anapanda mlima kati ya mawe mpaka nyumbani, na uchovu alio nao si wa kazi peke yake. Ugonjwa wenyewe unachosha.

Usiku mume anamgusa bega, mke anashtuka kwa maumivu. Mume anajisemea, amenichoka. Mke ananyamaza, akihofia kwamba akisema anaumwa ataletewa mwenzake. Wanapendana, lakini wanapeana migongo.

Sasa Paulo alianza na nani? "Mume na ampe mkewe haki yake." Huo ni mstari wa 3, kabla hajagusa habari ya kunyimana. Nasema bila kuficha: haki ya mke mgonjwa ni pamoja na kutolazimishwa. Petro naye anawataka waume wakae na wake zao kwa akili (1 Petro 3:7), na akili hiyo ina kazi chumbani. Mpashie maji ya kuoga. Tafuteni saa ambayo maumivu yametulia, maana alfajiri kwa wengi ni saa mbaya. Weka mto chini ya goti. Uliza, "Hapa panauma?" na ulipokee jibu. Usiku mwingine mtaishia kukumbatiana, na hiyo nayo ni ndoa. Mume akiwa ndiye mgonjwa, mke amtendee vivyo hivyo.

Tuombeane, ila asitokee wa kumwambia mgonjwa aache dawa ndipo ionekane imani yake. Wengi hupewa methotreksati. Kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na haifai kabisa kwa mwenye mimba. Wanaotaka mtoto wamwone daktari kabla. Baba, siku ya kliniki usimwache mkeo aende peke yake. Ingia naye, na hata ya chumbani ulizeni.