Siku ya kura, hesabu ya tajiri iko palepale

Novemba ya 2024 ilinipitia na chaguzi mbili, na sikupiga kura hata moja. Tarehe 5, Jumanne, Wamarekani walichagua rais nikiwa kazini Stockton, California. Tarehe 27, Jumatano, mtaa wetu hapa Magomeni ulichagua mwenyekiti na wajumbe nikiwa nimekaa barazani kwa mjomba. Kule nina kadi ya kijani tu, ya ukaazi wa kudumu, na asiye raia akijipenyeza kwenye foleni ya kumchagua rais anajitafutia kesi na tiketi ya kurudishwa kwao. Huku bado ni raia halali, lakini wakazi waliandikishwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba na wakati huo nilikuwa bado sijapanda ndege. Basi kazi yangu ikawa kuwatazama wenzangu, na kilichonishika ni suala la muda. Mtu anayeishi kwa kuuza saa zake anaitoa wapi saa ya kwenda kupiga kura, na anayeilipia ni nani?

Barazani hawakuamini nilipowaambia kwamba Jumanne ile tuliingia kazini kama kawaida. Mjomba, mstaafu wa bandari, alidhani namtania. "Yaani taifa lote lile, siku ya kumchagua rais, watu wanapakia maboksi?" Ndiyo, mjomba. Siku yenyewe iliwekwa na Bunge lao mwaka 1845, enzi za wakulima na farasi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Jumapili ilikuwa ya kanisa, Jumatano ya soko, na mkulima alihitaji kama siku nzima kufika mjini. Wakulima wamebaki wachache, Jumanne imebaki.

Sheria ya taifa zima ya kumpa mfanyakazi ruhusa yenye malipo haipo. Kila jimbo na lake. California, kama huna muda wa kutosha nje ya zamu, mwajiri anakuachia uende, na kati ya muda huo saa zisizozidi mbili anazilipa. Unazichukua mwanzo wa zamu au mwishoni, na kama ulijua mapema kwamba utazihitaji, unatoa taarifa siku mbili za kazi kabla. Jirani zao Nevada wanapima kwa umbali: kituo kikiwa ndani ya maili 2 unapewa saa moja, zaidi ya 2 hadi 10 saa mbili, zaidi ya hapo saa tatu. Ukienda Pennsylvania au New Jersey, sheria ya namna hiyo hakuna, unategemea huruma ya bosi.

Mimi ni msimamizi wa zamu ghalani, kwa hiyo tangazo la saa hizo mbili hupita mikononi mwangu. Sheria inataka libandikwe siku 10 kabla ya uchaguzi, nasi tunalibandika karibu na mashine ya kugonga kadi, mahali ambapo kila mtu hupita na hakuna anayesimama. Wengi hawalihitaji, maana California kila mpiga kura aliyejiandikisha hutumiwa karatasi ya kura kwa posta. Lakini wapo wanaopenda kwenda kituoni wenyewe, na kati yao wapo vibarua wanaoletwa na wakala. Hao ndio wanaonisikitisha. Kijana mmoja nilimwambia wazi kwamba saa mbili ni haki yake. Akaniangalia, akasema akiziomba, wiki ijayo jina lake halitaonekana kwenye ratiba. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ratiba ya vibarua siipangi mimi.

Ugomvi wa nani alipie wameshaufikisha Mahakama ya Juu ya nchi yao. Missouri ilikuwa na sheria ya kumpa mfanyakazi saa nne za kupiga kura bila kukatwa ujira. Novemba 1946 kiwanda kimoja cha taa mjini St. Louis kikawaruhusu watu watoke saa tisa alasiri, ili wawe na saa nne kamili kabla ya vituo kufungwa. Mfanyakazi mmoja akakatwa ujira wa ile saa moja na nusu iliyobaki ya zamu yake. Kiwanda kikashtakiwa, na mwaka 1952 majaji wakasema sheria ya Missouri ni halali. Jaji Robert Jackson peke yake alipinga akitoa sababu zake: lazima kuwe na mpaka wa kuuhamisha mzigo wa kura ya mtu na kumtwisha mwingine. Nilipoanza kusoma nilimwona mkorofi. Sasa naona swali lake lilikuwa zuri, ila jibu lake silitaki.

Maana hapa Dar mzigo huo tumeutwisha sikukuu. Rais anatangaza siku ya mapumziko, ofisi zinafungwa, na shemeji yangu wa benki analala hadi saa nne, anapiga kura, anarudi kula pilau, mshahara wake haujaguswa. Safi kabisa. Lakini daladala zilikuwa barabarani tangu alfajiri. Mdogo wangu ni konda njia ya Gongo la Mboto, na siku ya kura hesabu ya tajiri, yaani pesa ya kila siku ya mwenye gari, ilikuwa palepale, abiria wawepo wasiwepo. Ili akapige kura alimpa deiwaka, kibarua wa kumshikia gari, trip mbili na kumlipa kwa pesa yake ya mfukoni. Amejinunulia ruhusa mwenyewe. Mlinzi wa jengo la pili alikuwa lindoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kituo kilifungwa saa kumi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya sikukuu ya umma ilipwe mara mbili ya ujira wa msingi kwa kila saa. Nilipomtajia alicheka sana, akaniuliza hiyo ni sheria ya California?

Kwa hiyo pande zote mbili anayeachwa ni yuleyule, asiye na bosi wa kumdai, au mwenye bosi asiyethubutu kumdai. Kwa hao, ninachokitamani kutoka kule si zile saa mbili za malipo, ni saa ya kufunga: California vituo viko wazi hadi saa mbili usiku. Tukiongeza saa za jioni, konda, mlinzi na fundi watafika bila kumwomba mtu.

Mjomba hakukubali. "Kura za gizani, mjomba, nani atazilinda? Na umeme ukikatika?" Nikamwambia hata hizi za saa kumi, kwenye vituo vikubwa, zinahesabiwa usiku, na mawakala wa vyama wanakesha nazo. Akasema tusiongeze giza juu ya giza. Shemeji akamuunga mkono.

Dada yangu, mama ntilie pale stendi, ambaye asubuhi ile alikuwa na chapati jikoni na mchana ana wateja wa wali, alikuwa hajasema kitu. "Saa kumi ndiyo kwanza naosha masufuria," alisema. "Mimi wangeniwekea saa kumi na mbili tu, ningeenda."