AI kunitafutia wateja

Kuna watu wanaamini mtafsiri akishakaa Dodoma mambo yake yamenyooka, si wizara ziko Mtumba, Bunge lipo hapahapa, mashirika nayo yamehamia, kazi itakukosaje. Mimi nakaa Ilazo na nawaambia kazi inakukosa vizuri tu. Wizara zina watu wao, mashirika yana watu wao waliozoeana nao tangu wako Dar, na wewe frilansa una laptopu, bando na matumaini.

Ndo maana mwaka huu nimeamua AI inisaidie kutafuta wateja. Sio kutafsiri, kutafuta wateja.

Ukiiuliza kama wengi tunavyouliza, nipe orodha ya kampuni zinazohitaji mtafsiri wa Kiingereza kwenda Kiswahili, inakupa fasta, tena kwenye jedwali safi, jina la kampuni, mji, imeli, mpaka jina la meneja. Unajiona umetoka. Anza kufuatilia sasa, hii ilishafungwa, hii haijawahi kuwepo, hii ipo ila imeli unatuma inarudi. Ile mashine inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na imeli za makampuni zote zinafanana fanana, kwa hiyo ikikosa ya kweli inakutungia. Hata zile zinazopekua mtandao zenyewe na kukuwekea linki, fungua linki usome kwa macho yako.

Swali lililonilipa ni lingine. Nauliza, nani hapa Tanzania analazimika kuwa na karatasi ya Kiswahili hata kama hataki? Hapo inakuwa mwenzio kweli, maana haikutajii tena imeli ya mtu, inawaza na wewe, na ikishasema unaenda kuhakiki kwenye sheria. Mfano ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira, zile zinazopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, mtu akitaka kuchimba madini au kujenga kiwanda kikubwa. Kanuni za 2005 zinataka ule muhtasari wa kusomwa na watu wa kawaida uwepo kwa Kiswahili na Kiingereza. Sasa fikiria mshauri wa mazingira kaandika liripoti lote kwa Kiingereza, kachoka, deadlaini kesho, zimebaki hizo kurasa chache za Kiswahili, anampa nani? Anampa sekretari, au mpwa wake aliyemaliza chuo juzi. Huyo mshauri ndo mteja wangu na hajui kama nipo.

Watafiti wa afya vilevile, mshiriki lazima apewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na wanaokuja Kondoa na Mpwapwa ni wengi. Mawakili nao, tangu sheria ibadilishwe 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ila hao sijawagusa bado, wana haraka na wanachelewa kulipa.

Pale nisipoelewana na AI ni kwenye kuandika barua ya kuomba kazi. Inakuandikia "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema, mimi ni mtaalamu wa lugha mwenye shauku kubwa". Shauku ya nini jamani, ya muhtasari wa mgodi? Na kila mtu anatuma hiyohiyo. Mimi nachukua muhtasari ambao ofisi yenyewe imeshauweka hadharani kwa Kiingereza, natafsiri aya moja kwa mkono wangu, natuma na salamu fupi. Nyaraka ya siri ya mteja siiweki kwenye AI hata iweje, humo kuna majina ya wanakijiji na maeneo yao, na sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo.

Wiki iliyopita mshauri mmoja akanijibu WhatsApp usiku. Nilikuwa nimeandika "Shikamoo dokta", akajibu "Marahaba. Hii umetafsiri wewe au AI?" Nikamwambia mwenyewe, nipigie kama una wasiwasi. Akapiga kweli. Tukaongea vizuri mpaka tulipofika kwenye bei, akaniambia kijana wangu, AI inanitafsiria bure, basi mimi nikutumie ya kwake wewe uipitie tu, nikupe nusu.

Hiyo "uipitie tu" ndo ugonjwa wa siku hizi. Kuipitia maana yake nisome Kiingereza, nisome Kiswahili chake, nibomoe nusu ya sentensi nizijenge upya, halafu jina linalobeba lawama mwanakijiji akielewa fidia vibaya ni la kwangu. Nikamwambia dokta, muda ni uleule, nitumie Kiingereza niifanye toka mwanzo kwa bei yangu, au mpe mpwa. Akacheka, akasema kumbe unamjua mpwa wangu.

Kazi kanipa, ya kurasa chache, ila kampuni yake inataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mimi mashine sina. Jumatatu naenda TRA, mamlaka ya mapato, kuuliza. Kama kuna mtafsiri humu ameshasajili biashara yake aniambie aliandikisha kama nini, maana nimeambiwa mara huduma za ofisi mara ushauri, na kila anayeniambia ana uhakika.